Chenga

Saa kumi na mbili, Silverton ingali gizani.
Archuleta anapangusa kioo cha gari kwa kiwiko,
hasemi neno mpaka kahawa imfike magotini.

Kulikopambazuka, mteremko uko kushoto kwetu,
digrii thelathini na nane, mweupe, umepigwa pasi.
Hatuukanyagi. Tunaupita kwa mbali
kama mtu apitavyo duka analodaiwa.

Kisha tunachimba.
Mita moja na nusu, beleshi kwa zamu,
tunaunyoosha ukuta kwa msumeno
na msimu mzima unasimama wazi mbele yetu:
juu, theluji ya jana usiku, unga wa sembe;
chini yake ubao uliopigwa na upepo, ukiugonga unaitika;
kisha utepe, unene wa wembe,
sakitu ya Januari, usiku ule wa nyota
ilipoota manyoya juu ya kila kitu
nasi tukasema, tazama, uzuri;
na chini kabisa ile ya Oktoba,
iliyolala bila blanketi mwezi mzima
juu ya ardhi yenye vuguvugu,
ikaoza bila kunuka.

Naikwangua kwa kidole. Inamwagika.
Archuleta huiita sukari, kama alivyoiita baba yake.
Mimi naiita chenga:
mchele uliovunjika, usioshikana hata uupike,
na tena ule mwili wa mchezaji unaokuonyesha kulia
nawe umeshaanguka kushoto.

Analaza beleshi juu ya nguzo ya theluji, anagonga.
Mara kumi kwa kifundo cha mkono. Kimya.
Na kimya kingi, tuliambiwa, kina mshindo.
Kwa kiwiko: moja, mbili, tatu,
na ya nne nguzo inachomoka
laini, kama droo ya meza iliyopakwa nta.
Kumi na nne, anasema.
Naandika kumi na nne.
Kwa penseli, maana wino huganda.

Watu hudhani hatari ni namba tano.
Tano hufunga barabara; siku ya tano watu hucheza karata.
Tatu ndiyo yenye makaburi.
Tatu humnong'oneza kijana: labda.

Mwaka juzi Tadeo, mpwa wa Archuleta,
aliisoma tatu yangu akiwa amesimama, mkate mdomoni.
Huko juu akakuta alama za skii za mtu wa jana,
zimejipinda vizuri hadi bondeni,
akazifanya ushahidi.

Wenzake walisikia mlima ukishusha pumzi,
sauti ya mtu mzito akiketi kwenye godoro,
kisha ufa ukakimbia juu yao
kama mshono unaofumuka.
Kwa mbali, wanasema, ilikuwa usufi.
Usufi huo ukisimama ni saruji.
Walichimba dakika ishirini na sita.
Zinazohesabika ni kumi na tano.

Archuleta hajawahi kuniuliza
neno la siku ile nililichagua vipi.
Niliandika "uangalifu".
Ni neno zuri. Halimzuii mtu.

Saa tisa alasiri, ofisini, soksi zetu juu ya hita.
Naandika: tatu.
Nafuta.
Naandika tatu tena, kwa sababu ni tatu,
na mlima hauongezewi chumvi ili watu waogope.
Lakini chini yake natia sentensi
ambayo jedwali halikuniomba:
Alama za jana hazijui lolote kuhusu leo.

Archuleta anaisoma nyuma ya bega langu.
Anakaa kitambo.
Anauliza, lile neno lako la asubuhi hutamkwaje?
Chenga, namwambia.
Chenga, anasema, na meno yake yanaliuma katikati.

Nje imeanza tena, moja moja, haina uzito wowote.
Anachukua funguo, anakwenda kutia mafuta garini.